Siku Kumi na Moja Nilizokunyamazisha

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yangu ya ufundi, ghorofa ya pili, Mtaa wa Narung'ombe. Ni saa tatu asubuhi, wateja hawajaanza kupanda ngazi. Nimezima simu. Tangu tukuzike nimekuombea dua, nimetoa sadaka kwa jina lako, nimekuja Kisutu kila Ijumaa niliyoweza. Lakini kuna jambo moja sijalisema mbele ya mtu yeyote, na hata kaburini kwako sikulisema, kwa sababu pale kila ninapokuja huwa kuna watu pembeni. Nimeona niliandike, na niliandike wazi, walisome wanaokujua na wasiokujua.

Wasiokujua niwaambie kwanza wewe ni nani. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa na wewe ishirini na tatu. Ulinichukua ukanileta kwenye fleti yako ya Mchafukoge, ukanifulia sare za shule, ukanichapa, ukanifundisha kusali. Dukani kwako Mtaa wa Aggrey uliuza vitenge na madera, na watu walikuwa wanasema duka la Zuhura halihitaji kibao, mtu anafuata sauti tu. Ulikuwa na sauti nene kwa mwanamke, yenye mkwaruzo kidogo. Ulikuwa unasimama roshani ukiita "Hafidh! Chakula!" na wauza viatu wote wa chini wananigeukia, "We Hafidh, dada anakuita, nenda asitupigie kelele." Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nakimbia kupanda ngazi ili usiite mara ya pili.

Wewe ndiye ulinipeleka kozi ya kompyuta nilipomaliza shule na sikujua pa kwenda. Ulisema, "Hii mikono yako haitulii, bora ishike kitu." Ufundi huu ninaokula nao ni wako. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndio ufundi uliokuumiza.

Ulimi ulianza kukuwia mzito mwaka ule binti yako Samira alipoingia darasa la sita. Mwanzoni tulicheka. Ukasema meno ya bandia ya Hafidh yamehamia kwako, na mimi sijawahi kuwa na meno ya bandia. Siku moja mteja wako wa miaka mingi, mama wa Magomeni, alikusikia unavyoongea akamnong'oneza mwenzake kwamba Zuhura siku hizi anakunywa. Ulimsikia. Ulifunga duka saa sita mchana, ukarudi nyumbani, ukakaa jikoni na buibui yako hujaivua.

Daktari wa Upanga alituambia taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ngazini. Ni ugonjwa wa mishipa ile inayoiamrisha misuli. Mikono itakwenda, miguu itakwenda, kuongea kutakwenda, kumeza, mwisho kupumua. Akili haiguswi. Mimi niliuliza maswali mengi ya kijinga. Wewe uliuliza moja tu. "Kwa hiyo nitakuwa naona kila kitu?" Akasema ndiyo, mama.

Pale hospitali ndipo tulipokutana na yule dada wa Kizungu aliyekuwa amekuja kujitolea, kazi yake kuwasaidia watu wasioweza kuongea. Alikuletea sidii ya programu na kitufe kimoja chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Akaeleza kwamba utarekodi maneno yako mwenyewe sasa hivi, wakati bado sauti ipo, na siku ikikwisha kompyuta itakusemea kwa sauti yako. Kwenye kioo kunakuwa na vibox vimepangwa kurasa kwa kurasa, kimoja kimoja kinawaka, kikifika unachotaka unabonyeza kitufe. Kidole kimoja kikibaki kinatosha.

Nilikutafutia laptop, nyeusi, nzito, nikapiga windo ya wakati ule, ile programu mama inayoendesha kompyuta, nikaiweka na programu yako. Ulirekodi kwa wiki mbili, umejifungia chumbani na Samira. Mlifunga madirisha lakini Kariakoo haifungiki. Kwenye "Nina kiu" anasikika kabisa muuza ndala na kipaza sauti chake. Samira alitaka mrudie, ukakataa. Ulisema, "Acha. Na yeye ni wa hapahapa." Neno la kwanza kabisa kurekodi lilikuwa "Marahaba", na ulilirekodi mara tatu. Moja ya watoto, moja yangu mimi, na moja kavu ya watu usiowapenda. Miaka yote iliyofuata mtu akikuamkia sote tulikuwa tunasubiri kusikia atapewa ipi.

Siku nyingine ulimtoa Samira nje ukarekodi peke yako. Hatukukuuliza ulisema nini. Nakumbuka ulitoka umeosha uso.

Sauti yako ya mdomoni ilikwisha kabisa mwaka uliofuata. Ile ya kwenye kompyuta iliishi miaka sita. Nataka watu waelewe maana ya miaka sita. Ulimsimamia Samira masomo kwa sauti hiyo. Uligombana na Ami Saleh, ndugu wa baba yetu, kwa sauti hiyo. Ulimwajiri Bi Somoe kwa sauti hiyo, mama wa Lindi, mtu mzima, mpole, aliyekuja kukuogesha na kukulisha. Siku ya kwanza alikaa mbele yako akasubiri vibox viwake kimoja kimoja, hakuwa na haraka, na ulipomaliza akajibu kama vile umeongea kwa mdomo. Jioni ukabonyeza "Huyu abaki."

Mashine nayo ilizeeka. Feni ikawa inalia kama blenda. Joto la mwezi wa pili likipanda ilikuwa inazima katikati ya sentensi yako, na tunasubiri dakika kumi iwake tena, wewe umekodoa macho una neno limekwama. Iliniuma. Na niseme ukweli, iliniaibisha pia. Mimi fundi mzima, watu wanapanda ngazi kunifuata kutoka Temeke na Mbagala, halafu dada yangu anaongea kwa kompyuta ambayo hata mtoto wa shule angeicheka. Nikapata laptop nyingine, nyembamba, ina windo mpya. Nikakuletea kukuonyesha.

Ulibonyeza, "Hapana." Ukasubiri, ukabonyeza, "Subiri."

Nikasema, "Dada, masaa mawili tu. Nahamisha mafaili, narudi."

"Subiri."

"Hii itakufia siku yoyote. Bora tuhame sasa hivi tukiwa na nafasi."

"Subiri. Subiri."

Nilisubiri siku mbili. Siku ya tatu Bi Somoe alikuwa anakuogesha, mlango umefungwa, na mimi nikaichukua mezani nikashuka nayo.

Dukani nilinakili mafaili yako yote kwenye flashi, pamoja na faili la kuwekea programu. Nilihesabu, yalikuwa yote. Nikajaribu kufungua faili moja la sauti kwenye mashine mpya likakataa, nikajiambia si tatizo, nikiweka programu yatafunguka. Halafu nikaichomoa diski ya ndani ya ile mashine ya zamani, nikaifuta, nikaiuza, kwa sababu mteja alikuwa chini anasubiri diski ya aina hiyo na nilikuwa nayo mkononi. Dada, sijui nieleze vipi. Nimewaambia wateja maelfu ya mara, usifute cha zamani kabla hujaona cha mwisho kinafanya kazi. Niliifuta kwa sababu nilikuwa na uhakika na mikono yangu.

Programu haikufunguka. Nilipobonyeza ilitoka meseji moja fupi, kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nikabonyeza tena kama mtu anayegonga mlango. Kuna njia ya kuidanganya programu ijione iko kwenye windo ya zamani, nikaitumia, ikawaka nusu sekunde ikafa. Saa kumi nilirudi nyumbani na laptop mpya inang'aa, imenyamaza. Ulinitazama mkononi, ukanitazama usoni. Nikasema, "Kesho, dada. Kesho asubuhi itakuwa tayari."

Hiyo ndiyo siku ya kwanza.

Siku ya pili nilipata wazo la kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Inawezekana, unaiambia mashine mpya itenge chumba humo ndani, na mle chumbani unapiga windo ya zamani, inaishi humo haijui kama dunia imebadilika. Tatizo nilikosa hiyo windo ya zamani iliyo nzima. Nilizunguka Kariakoo yote. Mafundi vijana walinicheka, "Braza, hiyo si ya makumbusho?" Nikaipata kwa mama mmoja wa steshenari hapohapo Mchafukoge, ambaye bado alikuwa na sidii yake kwenye droo chini ya karatasi za fotokopi. Nikarudi mbio.

Chumba kikajengeka. Windo ya zamani ikawaka, na ule muziki wake wa kufungukia niliousahau. Nikaingiza programu yako. Ikafunguka! Nilipiga meza. Ikatoka meseji nyingine: ingiza namba ya usajili.

Namba ile ilikuwa imebaki ndani ya diski niliyoifuta. Nilimfuata yule mteja, nikamwomba diski, nikajaribu kuyafufua mafaili yaliyofutwa, nikapata vipande vipande visivyosomeka. Nikaandikia kampuni iliyotengeneza programu. Barua pepe ikarudi. Kampuni ilishafungwa, hata tovuti yake haipo. Yule dada wa Kizungu tulishapoteza mawasiliano naye. Na mafaili yako ya sauti yalikuwa yamefungwa kwa namna ambayo programu hiyohiyo peke yake ndiyo inayoyafungua. Sauti yako yote nilikuwa nayo kwenye flashi mfukoni, na sikuweza kusikia hata neno moja.

Nyumbani, wewe na Bi Somoe mlibaki na macho. Makubaliano yalikuwa kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Samira alikuwa chuoni Morogoro, akatufundisha kwa simu kutumia herufi zilizoandikwa kwenye karatasi ya manila, tunapitisha kidole unafumba herufi ikifika. Lakini ilikuwa inakuchosha, kope zilishaanza kudhoofika, na kila siku kifua kilikuwa kinajaa. Herufi mbili tatu, kikohozi, tunaacha.

Macho yako yalikuwa yanakwenda kabatini. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, kila nikiingia unatazama kabati. Bi Somoe alifungua akakuonyesha kitu kimoja kimoja. Kanga? Mara mbili. Shuka? Mara mbili. Udi? Mara mbili. Mimi nikasema labda anasikia baridi, mfunike. Tukakufunika blanketi na joto lile la Dar. Ulilia, na mimi nikakufuta machozi nikijiona mtu mwema.

Siku ya nane ulipaliwa makohozi ukawa wa bluu midomoni. Tukakukimbiza hospitali Upanga, mimi, Bi Somoe na Ami Saleh. Walikunyonya makohozi, ukapata nafuu kidogo. Daktari, kijana mstaarabu, akatuita pembeni ya kitanda chako ili na wewe usikie. Akasema kifua hakitajisafisha tena chenyewe. Njia iliyobaki ni kutoboa koo na kuweka mpira wa kupumulia. Utaishi miezi, pengine zaidi, lakini ni maisha ya mpira na mashine ya kunyonya, mchana na usiku. Tusipotoboa, ni siku. Akasema, "Kabla sijauliza familia, namuuliza mwenyewe." Akainama. "Mama, unakubali tukutoboe koo?"

Chumba kizima kilikuwa kinakutazama.

Ulifumba. Ukafumbua. Ukafumba tena.

Bi Somoe akasema, "Kafumba mara mbili. Anakataa."

Ami Saleh akasema, "Astaghfirullah. Nani anakataa uhai? Huyu kachoka tu. Tukimwacha hivi tutamjibu nini Mungu?"

Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mdogo wake? Uliyeishi naye? Umeona nini?"

Nikasema, "Amekubali. Ile ya pili ni uchovu wa kope."

Bi Somoe akanishika mkono wa shati. "Kaka Hafidh, mimi ndiye nashinda naye. Hapana yake naijua."

Nikamwambia, mbele ya watu, "Bi Somoe, wewe umekuja hapa kufanya kazi. Hili ni la familia."

Akaachia shati langu. Mimi nikasaini.

Dada, nilihesabu. Hiki ndicho nilichokuja kukisema. Watu wote wanaamini nilisoma vibaya, kwamba ilikuwa bahati mbaya ya kope zako na hofu yetu. Nilihesabu mbili. Ilikuwa mara mbili, wazi, umenikazia macho mimi, hukumtazama daktari. Nilielewa kabisa unaniambia nini. Lakini nilikuwa nimeivunja sauti yako kwa mikono yangu, siku nane, na sikuweza kukubali uondoke duniani nikiwa sijairudisha. Nilitaka muda wa kutengeneza. Nilikutoboa koo ili nipate muda wa kutengeneza kompyuta.

Samira alifika jioni ile, akakukuta umeshatoka chumba cha upasuaji. Kesho yake hospitali walitaka kitambulisho chako, akaenda nyumbani kukitafuta kwenye boksi la viatu ulilokuwa unawekea karatasi zako. Lilikuwa juu ya kabati. Juu, dada, si ndani. Ndani ya boksi, chini ya cheti cha ndoa, kulikuwa na ile sidii ya programu, na kwenye jalada lake namba ya usajili, umeiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa wakati mkono ulikuwa bado wako. Akanipigia simu. "Mjomba, kuna sidii hapa ya mama, ina manamba. Ni muhimu?"

Nilikaa kwenye ngazi za jengo, watu wananiruka.

Namba ilikubali. Ikaja meseji nyingine, muda wa leseni umekwisha. Nikairudisha saa ya kile chumba cha ndani nyuma, hadi mwaka ule uliorekodi, ikakubali ikidhani ni mwaka uleule. Kitufe kilisumbua siku nzima nyingine kwa sababu mashine ya nje ilikuwa inakinyakua kabla hakijafika ndani. Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, vibox viliwaka. Nikabonyeza kimoja kwa kujaribu. Muuza ndala akasikika, na wewe juu yake ukisema "Nina kiu."

Nilikuletea wodini. Walikuwepo Samira, Bi Somoe na Ami Saleh. Mpira ulikuwa kooni, mashine ya kunyonya pembeni. Niliweka laptop kwenye kimeza cha kitanda, kitufe chini ya kidole chako kidogo cha kushoto. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasubiri usikike umefurahi.

Hukubonyeza salamu. Ulipita ukurasa wa nyumbani, ukapita ukurasa wa watu, ukafungua ukurasa ulioandikwa Hospitali, ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Vibox viliwaka, wewe ukasubiri kile cha mwisho. Ukabonyeza.

"Nisitobolewe koo. Tukifika hapo, mniache niende. Nimefikiri vizuri, na sijasukumwa na mtu."

Ilikuwa sauti yako ya miaka saba nyuma, nene, nzima, ya yule mwanamke wa roshani. Uliyarekodi yale siku uliyomtoa Samira nje.

Ukasubiri vibox vizunguke tena, ukabonyeza tena. Ukabonyeza mara ya tatu. Ami Saleh akatoka akiwa ameshika ukuta. Samira akasema, "Mama, basi, mama, basi." Mimi nilisimama pale na chaja mkononi.

Halafu ukafungua ukurasa wa watu. Ukabonyeza "Hafidh." Ukabonyeza "Toka."

Tulikurudisha nyumbani, ukaishi miezi mitano na mpira ule. Nilikuja kila siku kuisafisha laptop vumbi, kuangalia saa yake ya ndani isije ikajisogeza mbele ikakufungia nje tena. Nilikuamkia kila siku. Kila siku ulinijibu ile marahaba ya tatu, kavu. Na Samira ulikuwa unaongea naye, na Bi Somoe, niliwasikia kutoka sebuleni. Mashine ya kunyonya ilikuwa inakuumiza, nilisikia na hilo. Kila baada ya saa mbili. Bi Somoe alikuwa anakusomea dua akikunyonya makohozi.

Mara moja tu uliniita. Uliandika herufi kwa herufi, kwa sauti ya mashine yenyewe, ya maneno usiyoyarekodi, isiyojua Kiswahili, inayotamka kama mgeni wa uwanja wa ndege. Ilikuchukua karibu nusu saa. "Muombe radhi Somoe." Nilikwenda jikoni. Alikuwa anachambua mchele. Nikasema, "Bi Somoe, siku ile hospitali ulisema kweli." Hakuacha kuchambua. Akasema, "Najua uliona, kaka Hafidh. Nilikuwa nakutazama wewe, sikuwa namtazama yeye." Kisha akaniambia nitoke mlangoni, nimemzibia mwanga.

Uliondoka asubuhi ya Jumanne, homa ya mapafu, Samira amekushika. Mimi nilikuwa njiani.

Msibani watu walinisifu. Walisema hakuna mdogo aliyemhangaikia dada yake kama mimi, kwamba nilizunguka mji mzima kukurudishia sauti. Ami Saleh alinikumbatia akasema, "Alikusamehe, mwanangu. Dada ni mama. Lazima alikusamehe." Na mimi nikaitikia, amina.

Nilipofika hapa kwenye barua niliacha kuandika kwa wiki sita. Sikuona haki Samira alisome hili mahali pamoja na wageni. Nikachapa kurasa zilizokuwa tayari, nikampelekea nyumbani Mchafukoge. Alizisoma akiwa amesimama roshani. Alisoma polepole, akarudia ukurasa mmoja. Barabarani chini walikuwa wanapakua marobota. Alipomaliza aliniuliza kitu kimoja.

"Mjomba, ulihesabu mbili?"

"Mbili."

Alikunja karatasi, akaingia ndani, akanitengea chai kama kawaida, na hakukaa kunywa na mimi. Nilipokuwa naondoka akasema, "Naomba kompyuta ya mama. Na ile flashi. Na kama una nakala popote, naomba." Nilimpa vyote siku ileile. Nilimwandikia kwenye karatasi jinsi ya kuifungua, saa ya ndani iwekwe mwaka gani, kitufe kichomekwe wapi kwanza. Akasema ahsante. Ni mwezi sasa, nikipiga simu anapokea, ananiamkia, ananiuliza hali, anakata.

Sina tena sauti yako hata moja, dada, na sidhani kama nastahili kuwa nayo.

Wapo watakaosoma barua hii waniambie kama Ami Saleh alivyoniambia, kwamba ulipo umeshanisamehe. Wana nia njema. Lakini ulikuwa na kitufe kwa miezi mitano na hukulisema hilo, na mimi miezi mitano sikukuomba, niliogopa jibu. Nikisema leo kwamba umenisamehe nitakuwa nimekusemea tena. Nilishakusemea mara moja, na nikasaini.

Mungu akurehemu, Zuhura binti wa mama yangu. Akupe pumzi nyepesi.

Mdogo wako,
uliyemlea.